Salamu za Baada ya Mbio ya Tatu

Kasian Kalinga alikuwa koplo, na hilo alilisema kabla hujamwuliza jina. Ukimkuta kwenye barabara kuu pale Nyololo, kabuti la jeshi mwilini hata jua likiwa utosini, filimbi kifuani, ungepewa kwanza habari za vita vya Bama, kisha habari za mvua, kisha, ukiwa na bahati, ungeulizwa kama hujambo. Alikuwa nyapara wa barabara. Chini yake walikuwako watu kumi na wanane, masururu, makarai, na toroli mbili, moja nzima na nyingine ya kusukumwa kwa maombi. Kipande chake kilikuwa maili tisa za vumbi na tope, na kila shimo la maili hizo alilijua kama anavyojua meno yake.

Barabara ilimlisha, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mpira. Yeye mwenyewe hakuwahi kufunga goli hata moja maishani, na ole wako umkumbushe. Alikuwa mwalimu. Vijana wake walikuwa wana wa watu wa barabara na wa wachuma chai wa Mufindi, mkubwa wao miaka kumi na minane, mdogo wao hajulikani umri kwa sababu mama yake alisema alimzaa mwaka wa nzige, na nzige walikuja mara nyingi.

Nyuma ya kambi ya barabara palikuwa na mteremko wa majani mafupi, hatua arobaini kutoka chini hadi juu. Hapo ndipo ilipokuwa shule yake. Jioni tatu kwa juma vijana walipanga mstari chini, filimbi ikalia, wakapanda kwa kasi yote waliyo nayo. Juu walimkuta Koplo na saa yake ya jeshi, akisoma mshale wa sekunde. Wakashuka kwa kutembea. Kabla jasho halijajua lielekee wapi, filimbi tena. Mara kumi.

"Kila kiumbe ana mbio ya kwanza," aliwaambia. "Hata kuku anayo. Mimi nataka ya saba, na ya nane, na ya kumi. Kule Bama..."

"Tunajua, mzee."

"Hamjui. Kule Bama aliyekimbia vizuri mara moja alipigiwa makofi. Aliyekimbia vizuri mara ya kumi ndiye aliyerudi nyumbani kunywa ulanzi."

Tumpe haki yake: aliyajua mambo ambayo hata waliomaliza darasa la nane hawakuyajua. Alikuwa ameona kwamba wale waliokuwa wakichunga ng'ombe mbali, au kubeba kuni kutoka msituni kila siku, walikuwa wazito mbio ya kwanza, lakini ya nane yao ilifanana na ya kwanza. Kumbe pumzi ndefu ndiyo inayoirudisha mbio fupi. Basi Jumamosi aliwapeleka wote mwendo wa polepole hadi kwenye mikaratusi na kurudi, maili sita, ili wapate kifua. Yote aliyaandika katika daftari: jina, mbio, sekunde. Tano, sita, sita, sita, saba. Alilisoma daftari lile kama wengine wanavyosoma Zaburi.

Mwezi wa kwanza mwaka hamsini na saba akaja Asukile.

Alikuwa kijana wa miaka kumi na sita, Mnyakyusa, mwembamba, mama yake Tusajigwe mjane aliyetoka upande wa Tukuyu kuja kuchuma chai. Alisimama mwisho wa mstari kama mtu aliyepita tu. Filimbi ikalia. Wenzake walipokuwa bado na hatua kumi, yeye alikuwa juu, na Kasian alidhani saa yake imeharibika. Sekunde nne. Mbio ya pili, nne tena. Koplo akaanza kucheka peke yake.

Mbio ya tatu, tano. Na hapo, kufika juu, Asukile akachuchumaa mbele ya Koplo, magoti yamekaribia kidevu, kichwa kimeinama, mikono imekumbatia miguu. Akakaa hivyo bila neno. Baada ya muda ndipo akasema kwa sauti ndogo, "Ndaga, mzee."

Kasian alijaa kama mkate kwenye hamira. Alijua desturi ya Wanyakyusa, kijana hamsimamii mkubwa wima kama mlingoti.

"Mnamwona?" akawaita wengine. "Mnamwona mtoto aliyelelewa? Ninyi mnanisalimu kama mnamsalimu punda wa jirani. Huyu amekimbia, amechoka, na bado anaamkia. Inuka, mwanangu. Nimepokea."

Asukile hakuinuka mara moja. Koplo akasifu na hilo pia.

Mbio ya nne, sekunde sita. Ya tano, nane. Ya sita alipanda kama anayetafuta kitu majanini, na kila alipofika alichuchumaa, kila mara muda mrefu zaidi. Jioni ile Kasian alilamba penseli na kuandika mbele ya jina lake: *Anapoteza muda kwa heshima.* Akalifunga daftari, akaenda zake nyumbani ameridhika.

Juma la pili akatoa amri, kwa kuwa koplo bila amri ni raia tu: kila kijana akifika juu lazima achuchumae na kumwamkia. Wakacheka, wakanung'unika, wakachuchumaa. Kuanzia siku ile wote kumi na mmoja walishuka chini pamoja kama kuku wanaotaga, na yule mmoja aliyekuwa na sababu yake mwenyewe hakuonekana tena kati yao. Juu ya mteremko, mahali walipochuchumaa, majani yalikufa. Pakabaki duara la udongo mtupu, na mvua za mwezi wa tatu zilipokuja maji yalituama pale, mekundu.

Golikipa wao, Fanueli, kijana mrefu asiyependa maneno mengi, alimfuata Koplo siku moja kwenye toroli.

"Mzee, jana tulikwenda kuchota maji mimi na Asukile. Kufika katikati ya kilima akachuchumaa."

"Alikuamkia. Wewe ni mkubwa wake."

"Kwa miezi mitatu, mzee."

"Heshima haina kipimo. Ungejifunza."

"Alichuchumaa amenipa mgongo, mzee."

"Basi alikuwa anaona haya kukuamkia wewe, maana hustahili. Chukua sururu hiyo nisikuone umesimama."

Fanueli akachukua sururu. Lakini tangu siku hiyo, kila wakishuka mteremko, alitembea nyuma ya Asukile, mikono imelegea mbele kidogo, kama mtu anayefuata mzigo uliofungwa vibaya.

Mwezi wa nne lori lilisimama Nyololo kupoza injini, na aliyeshuka alikuwa Andendekisye. Huyu alikuwa dereva, mtu wa Mbeya, tumbo mbele, sauti ya tarumbeta. Walikuwa Bama pamoja, naye alirudi na cheo cha sajini, jambo ambalo Kasian alilibeba miaka kumi na miwili kama changarawe ndani ya kiatu. Kule kwao Ilomba, Mbeya, Andendekisye naye alikuwa na timu ya vijana.

"Koplo!" akaita kabla mlango haujafungwa. "Bado unapanga mawe?"

"Nayapanga ili wewe usipinduke. Ndizi bado zinakuota tumboni, naona."

"Na ulanzi bado unakuota machoni. Nasikia una watoto wanaopanda kilima. Sisi Mbeya tunacheza mpira, hatuchungi mbuzi."

"Walete."

"Uwalete wewe. Sherehe za Malkia mwezi wa sita, kiwanja cha mjini, mbele ya watu wote. Atakayeshindwa atamwita mwenzake Bwana Sajini, kwa sauti, akiwa amesimama mkakamavu."

"Mimi nitakuita sajini?"

"Utazoea. Neno lenyewe si gumu."

Wakapeana mikono. Tangu hapo Kasian hakulala kiakili hata akiwa amelala. Mbio kumi zikawa kumi na mbili, na kila alipofikiri juu ya Mbeya, alimfikiria kijana mmoja tu, na sekunde nne.

Tusajigwe alikuja siku moja kambini na kikapu cha maharage, akachuchumaa pembeni kwa adabu hadi Koplo alipomwona na kumwambia ainuke. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokotaokota.

"Baba, huyu mtoto usimkimbize sana. Alizaliwa na kifua."

"Mama, hicho kifua ndicho ninachokitengeneza! Alikuja nacho kidogo, nitakurudishia kikubwa."

Tusajigwe alimtazama kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta. Alikuwa na neno jingine, lakini lilikuwa la Kinyakyusa, na pale hapakuwa na wa kulibeba. Akaacha maharage, akaenda.

Aliyeona kwa macho yanayoona alikuwa Benedicta, mke wa Kasian. Alikua Tosamaganga, misheni, na kabla ya kuolewa alifua mashuka ya hospitali miaka minne, akawaona wagonjwa wakiingia na akaona namna wanavyotoka. Mwezi wa tano Asukile alikuja kula kwao. Alipoingiza mkono kwenye ugali, Benedicta akaona ncha za vidole: zimevimba, duara, kama vichwa vya vijiti vya ngoma, na kucha zake rangi ya wino uliochuja. Akatazama midomo.

"Unasikia baridi, mwanangu?"

"Kidogo, mama."

Baridi ya Mufindi ilikuwapo kweli, asubuhi umande uliganda juu ya majani. Lakini jiko lilikuwa linawaka, na Lea, binti yao, alikuwa ameketi karibu na moto huohuo, midomo yake myekundu kama kawaida.

Kasian alipotoka kutafuta kuni, Benedicta akainama. "Unaumwa wapi?"

Asukile akatazama mlangoni. "Siumwi, mama. Dunia huwa inapungua tu. Nikichuchumaa inarudi."

"Mzee anajua?"

"Usimwambie, nakuomba. Akijua ataniketisha. Nikiketishwa hapa, nitarudi kuwa mtoto wa mama yangu tu."

Benedicta alimwambia jioni ileile, kwa sababu hakuwa mjinga.

"Baba Lea, yule mtoto ni mgonjwa. Si kifua cha kikohozi. Niliwaona wawili wa namna ile Tosamaganga, vidole hivyohivyo. Hawakuzeeka. Mpeleke kwa daktari."

"Mgonjwa anakimbia sekunde nne?"

"Mbio ya kwanza. Ya kumi je? Si wewe unayesema hata kuku ana mbio ya kwanza?"

Kasian akalivuta daftari. Akalifungua, akapita ukurasa baada ya ukurasa. Wengine wote, tangu mwezi wa kwanza, mbio zao za mwisho zilikuwa zimeikaribia mbio ya kwanza, sekunde kwa sekunde, kama alivyotaka. Asukile peke yake alikuwa amekwenda kinyume. Mwezi wa kwanza alivunjika mbio ya sita. Mwezi wa tatu, ya tano. Sasa ilikuwa ya tatu. Mazoezi yaleyale yaliyowajenga wenzake yalikuwa yanambomoa yeye, na yalikuwa yameandikwa pale kwa mwandiko wake mwenyewe.

Akalifunga.

"Lori la kokoto linakwenda Iringa Jumatatu," Benedicta akasema. "Litamshusha njia panda ya misheni."

"Jumatatu kuna mazoezi."

"Jumatatu ijayo basi."

"Mama Lea, zimebaki siku kumi na tisa. Baada ya sherehe nitampeleka mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Nimesema."

Lori la kokoto likaenda Iringa Jumatatu ile, na Jumatatu iliyofuata, na nyingine tena. Kila mara Benedicta alisimama mlangoni hadi vumbi lake likatulia. Kasian alijifanya anahesabu masururu.

Walisafiri kwenda Mbeya kwa lori la mbao, alfajiri mpaka jioni, vijana wakiimba hadi Makambako na kutapika hadi Chimala. Asukile aliketi katikati, amefunikwa kabuti la Koplo. Wakalala Ilomba kwenye shule ya kanisa, na kesho yake saa tisa mchana wakaingia kiwanjani pekupeku, mbele ya umati ambao Nyololo yote isingeweza kuujaza hata pembe moja. Bendera zilikuwa zimetundikwa. Mlima ulikuwa umesimama nyuma ya mji, na upepo uliotoka huko ulikata masikio.

Andendekisye alipita na kofia mpya. "Umejifunza lile neno?"

"Jifunze wewe la kwako."

Dakika ya sita mpira ulitupwa mbele upande wa kulia. Beki wa Mbeya aliugeukia kwa raha, maana ulikuwa karibu naye. Hakuuona tena. Asukile alikuwa amempita kama upepo unavyopita kwenye uzio, akaingia ndani, akapiga. Goli. Watu wa Mbeya wenyewe walisimama. Kasian alirusha kofia na hakuitafuta ilipoangukia.

"Nne!" alipiga kelele kwa mtu asiyemjua. "Sekunde nne! Huyo nimemfundisha mimi!"

Mbio ya pili, Asukile alimvuta beki hadi kwenye kona, mpira ukatoka. Ya tatu alirudi nyuma kusaidia. Kisha akachuchumaa karibu na mstari, mbele ya mabenchi ya wakubwa, na mzee mmoja Mnyakyusa wa pale akapiga makofi. "Tazameni, kijana wetu huyu, anawaamkia wazee!" Watu wakacheka kwa kupendezwa. Kasian naye alicheka, lakini mkono wake ukaanza kuitafuta saa mfukoni bila kuambiwa.

Mapumziko yalikuja moja kwa bila. Vijana wakanyonya machungwa. Fanueli akaja kwa Kasian, glovu hana, viganja vimechubuka.

"Mzee, mtoe."

"Akitoka tunabaki kumi." Na ndivyo ilivyokuwa siku zile, hapakuwa na kubadilisha mchezaji, aliyetoka ametoka.

"Najua. Mtoe."

"Dakika arobaini na tano tu, Fanueli. Kesho kutwa yuko kwa daktari. Nimemwahidi Mama Lea."

Asukile alikuwa ameketi peke yake, magoti kidevuni. Chungwa lilikuwa mkononi, zima.

Mbeya walirudisha goli mapema. Kisha mpira ukawa wa kwenda na kurudi, na hapo ndipo kazi ya mteremko ilipoonekana: vijana wa Nyololo walikuwa wanakimbia mbio ya ishirini kama ya pili, na wale wa Mbeya walikuwa wameshika viuno. Ilikuwa mechi ya kushinda. Kila mtu aliiona, hata Andendekisye, ambaye alikuwa ameacha kupiga kelele. Ilihitajika mbio moja tu kutoka kulia.

Fanueli alilala juu ya mpira, akainuka, akaupiga mbali. Ukadunda katikati ya uwanja, wachezaji wote wakahamia upande wa goli la Mbeya, na ule upande mwingine ukabaki wazi.

Asukile hakuhama nao. Alitembea hatua tatu kuelekea kulikokuwa hakuna mtu, akachuchumaa.

Aliwapa mgongo wachezaji. Aliwapa mgongo wakubwa na mabenchi yao, na refa, na mwalimu wake. Mbele yake hapakuwa na kitu ila majani makavu na, mbali sana, mlima.

Kasian alisimama, kichwa kikifanya hesabu chenyewe. Anamwamkia nani? Pale hakuna mtu. Anamwamkia nani? Na jibu lilipokuja halikuja moja, zilikuja jioni zote tangu mwezi wa kwanza, kila mara alipofika juu, kila mara aliposema "nimepokea", naye kijana yuko chini miguuni pake anapigania hewa.

Akaingia uwanjani na kabuti lake. Refa alipuliza filimbi. Umati ulizomea. Kasian alikimbia mbio ambayo hakuwa amekimbia tangu vita, akafika, akapiga magoti. Midomo ya Asukile ilikuwa rangi ya zambarau zilizoiva. Macho yalikuwa yanamtazama kutoka mbali.

"Nibakishe, mzee," alisema kwa vipande. "Nimebakiwa... na moja."

"Hunayo. Nyamaza."

"Tutashindwa."

"Tushindwe."

Akambeba mgongoni kama wanawake wanavyobeba watoto, akatoka naye. Alikuwa mwepesi kuliko mfuko wa saruji uliokwisha. Andendekisye alikuwa pembeni, mdomo wazi, tayari na maneno yake, lakini alipoona ule uso uliolala begani aliyameza.

Kasian akasimama mbele yake, visigino pamoja, mzigo mgongoni.

"Bwana Sajini," akasema, kwa sauti ambayo mabenchi yote yaliisikia. "Naomba lori lako."

Andendekisye alikuwa tayari anakimbia, na tumbo lile.

Mechi iliisha mbili kwa moja, Mbeya wameshinda. Kasian hakuuliza matokeo, aliambiwa siku ya tatu.

Daktari wa hospitali ya pale alikuwa Mhindi mzee mwenye mikono baridi. Aliweka mpira wake wa kusikilizia kifuani mwa Asukile, akasikiliza muda mrefu, akauondoa, akauweka tena mahali palepale. Dresa mmoja wa kufunga vidonda, kijana wa Rungwe, alitafsiri.

"Anasema moyo una tundu tangu tumboni mwa mama. Damu mbovu na damu njema zinachanganyika. Anauliza, huyu hupanda hata ngazi?"

"Amefunga goli," Kasian akasema.

Dresa hakutafsiri hilo. Daktari alikuwa amelielewa mwenyewe. Alimtazama Koplo juu ya miwani, si kwa hasira, na akasema maneno machache.

"Anasema hapa nchini hakuna wa kulishona. Kuchuchumaa ndiko kulikomweka hai, mwili ulijitafutia dawa. Asikimbie tena. Asipande mlima. Asibebe."

"Ataishi?"

Dresa akauliza. Daktari akapandisha mabega kidogo, akashusha.

Walikaa siku nane. Asukile alipopata tena rangi, hakumlaumu mtu. Aliuliza tu kama Fanueli alifungwa goli la pili kwa kosa lake au la mabeki. Andendekisye aliwarudisha Nyololo kwa lori lake, polepole, akiyakwepa mashimo kama mtu aliyebeba mayai, na njia nzima hakutania.

Tusajigwe alikuwa kando ya barabara. Mtu alikuwa amempelekea habari. Alimshusha mwanawe, akamwingiza nyumbani kwenye kambi ya wachuma chai, akamfunika, akatoka. Safari hii alikuwa na jirani wa kumtafsiria, mwanamke anayeitwa Ikupa, lakini hakumtumia sana.

"Mbio ngapi?"

Kasian angeweza kusema hajui. Lakini daftari lilikuwa ndani ya kabuti, na katika lori alikuwa amelijumlisha.

"Mia sita na arobaini na mbili, mama. Za mteremko. Na zile za Mbeya."

"Akawa anachuchumaa."

"Ndiyo."

"Nawe ukafanya nini?"

"Nikaitikia salamu."

Ikupa aliufunika mdomo. Tusajigwe akamwambia Koplo kwa Kinyakyusa jambo moja refu. Kasian akamgeukia Ikupa.

"Anasema tangu akiwa na miaka mitatu huchuchumaa hivyo. Anasema siku ile ya maharage alitaka kukuonyesha kwa mwili wake, na alikuwa tayari amechuchumaa mbele yako, lakini wewe ulimwambia ainuke."

Asukile aliishi hadi masika ya mwaka uliofuata. Kasian alimpeleka Tosamaganga mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa yaleyale kwa maneno mengine. Mazoezi aliyasimamisha, kisha vijana wakayaanza wenyewe, kwa sababu miguu ikishazoea haikubali kukaa. Asukile alikuwa akija kutazama, amejifunika blanketi, na siku moja ya mwezi wa tatu hakuja.

Wanyakyusa wa kambi ya chai walimzika kwa desturi yao, ingawa wazee wa kanisa walinong'ona. Ngoma zililia tangu asubuhi. Vijana walicheza msiba, fimbo mikononi badala ya mikuki, wakiruka na kukanyaga tope, wakikimbia mbele kwa ghafla na kurudi, mbele na kurudi, jasho likitoka katika mvua. Timu nzima ya Nyololo ilikuwa kati yao, Wahehe kwa Wabena, Fanueli mbele. Andendekisye alikuja na lori kutoka Mbeya, akaketi na wanaume.

Kasian hakuketi. Aliingia katikati ya wachezaji na kabuti lake lililolowa, akamshika mmoja bega, akamtazama midomo. Akamwachia, akamshika mwingine, akauinua mkono wake hadi kwenye mwanga, akatazama kucha. Vijana walimpisha na kuendelea kucheza kumzunguka.

"Kasian," Andendekisye akaita. "Njoo ukae, ndugu yangu. Waache wacheze."

"Bado," Kasian alisema, na akaunyosha mkono kwa kijana wa tatu.